Mfumo wa Handikapu wa Dunia: tathmini ya mtu anayependa kuiona hesabu

Tangu mwaka 2020, mchezaji wa gofu anayejiunga na klabu hupewa huduma ileile karibu kila mahali: Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanzishwa na The R&A pamoja na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu, ili kuchukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali. Handikapu ni idadi ya mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji ili aweze kushindana na aliye hodari kuliko yeye. Katika tathmini hii ninauchukulia mfumo huo kama huduma nyingine yoyote inayolipiwa ada, ambayo mtumiaji ana haki ya kuhoji anapata nini. Maoni yangu kwa jumla ni kwamba hesabu yenyewe imebuniwa kwa busara kubwa, lakini inamfikia mchezaji ikiwa imefunikwa kiasi kwamba wengi hawajui namba waliyopewa inapima nini. Wanadhani ni wastani wa mchezo wao. Sivyo, ni kipimo cha mchezo wao wanapocheza vizuri.

Manung'uniko mengi kuhusu mfumo huu yanatokana na kutoelewa jambo hilo. Mchezaji akiambiwa kwamba handikapu yake ni 18 katika uwanja wenye par 72, yaani mikwaju 72 iliyowekwa kuwa kipimo cha kumaliza mashimo yote, hutarajia kumaliza kwa mikwaju 90 kila anapocheza, na akimaliza kwa 94 mara tatu mfululizo huanza kushuku kwamba ama mchezo wake umeharibika ama programu ya simu imekosea. Hakuna kilichokosea. Mfumo hutazama raundi zake 20 za mwisho, huchagua 8 zilizo bora na kuchukua wastani wa hizo peke yake, huku zile 12 nyingine zikibaki kwenye kumbukumbu bila kuathiri namba yake. Na kwa kuwa ndani ya zile 8 takriban nusu huwa bora kuliko wastani wao, mchezaji huifikia au kuipiku handikapu yake kama mara nne hivi katika raundi 20. Ningependa kila programu ya handikapu iweke maelezo hayo kwenye ukurasa wake wa kwanza, kwa maandishi makubwa.

Uamuzi wa kuhesabu raundi bora tu una mantiki ambayo mimi naikubali. Kucheza vibaya kunawezekana kwa yeyote, hata kwa makusudi. Kucheza vizuri kwa makusudi ni kazi nyingine kabisa. Kipimo kinachoegemea siku mbaya kingekuwa rahisi kuchezewa na mtu anayetaka handikapu kubwa ili ashinde zawadi, ilhali kipimo kinachoegemea siku nzuri humlazimu mtu huyo kucheza vibaya karibu kila mara, kwa muda mrefu, mbele ya watu wanaomfahamu. Mfumo wa zamani wa Marekani nao ulifuata njia hii, ukichukua raundi 10 bora kati ya 20 na kuzidisha wastani wake kwa 0.96; Australia walichukua 8 kati ya 20 na kuzidisha kwa 0.93. Mfumo mpya umeviacha vizidisho hivyo, na hesabu imekuwa nyepesi zaidi.

Kabla ya wastani huo kupatikana, kila raundi hugeuzwa kwanza kuwa namba inayoweza kulinganishwa na raundi ya uwanja mwingine, nami nitaiita tofauti ya raundi. Uwanja uliopimwa huwa na vipimo viwili kwa kila sehemu ya kuanzia, na kwa kawaida vyote viwili huchapishwa kwenye kadi ya alama. Cha kwanza ni kadirio la uwanja, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari mwenye handikapu sifuri, anayeitwa skrachi, anatarajiwa kutumia hali inapokuwa ya kawaida. Huandikwa kwa desimali moja, kwa mfano 71.4. Cha pili ni slopu, namba nzima iliyo kati ya 55 na 155, ambayo kiwango chake cha msingi ni 113.

Slopu ndiyo sehemu ya mfumo inayoeleweka vibaya kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobuniwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Wachezaji husema uwanja fulani ni mgumu kwa sababu slopu yake ni kubwa, lakini kazi ya slopu si hiyo. Ugumu kwa mchezaji hodari umekwisha kuelezwa na kadirio. Slopu hueleza ni kwa kiasi gani uwanja humwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko unavyomwadhibu skrachi. Wapimaji humfikiria pia mchezaji wa bogi, yaani mwanamume mwenye handikapu ya takriban 20 au mwanamke mwenye takriban 24, wakakadiria mikwaju yake katika uwanja huohuo, kisha tofauti ya makadirio hayo mawili huzidishwa kwa 5.381 kwa wanaume au 4.24 kwa wanawake. Uwanja ambao skrachi anakadiriwa 71.4 na mchezaji wa bogi 95.2 una tofauti ya 23.8, hivyo slopu yake kwa wanaume ni 128. Chukua bwawa linaloutaka mpira uruke mita 180 kutoka sehemu ya kuanzia: skrachi hulipita bila hata kulitazama, ila mchezaji wa bogi huweza kupoteza hapo mkwaju mmoja au miwili. Bwawa la namna hiyo halibadilishi sana kadirio, lakini slopu inapanda. Wazo hili liliendelezwa na Dean Knuth, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani, na USGA ikaanza kulitumia miaka ya 1980.

Ukishakuwa na vipimo hivyo viwili, hesabu haihitaji zaidi ya kalamu. Tuseme mchezaji mwenye handikapu 18 uwanjani hapo amemaliza kwa mikwaju 96. Kabla ya kuitumia namba hiyo, mfumo humtaka apunguze mashimo yaliyomwendea vibaya kupita kiasi: alama ya juu kabisa inayokubaliwa katika shimo lolote ni par ya shimo hilo, kuongeza mikwaju 2, kuongeza mikwaju ya nafuu anayopewa hapo. Kwa kuwa handikapu yake ni 18, anapata nafuu ya mkwaju mmoja kila shimo, kwa hiyo shimo la par 4 haliwezi kuzidi 7 na la par 5 haliwezi kuzidi 8. Alipiga 9 katika shimo moja la par 4 baada ya kuhangaika mchangani, na 9 nyingine katika shimo la par 5. Ya kwanza inakuwa 7, ya pili inakuwa 8, na jumla yake inashuka kutoka 96 hadi 93. Wale waliozoea kucheza kwa pointi za Stableford, mtindo unaotoa pointi kwa kila shimo badala ya kujumlisha mikwaju, watalitambua kikomo hiki mara moja, kwani ndipo shimo linapoacha kuwa na pointi yoyote.

Kutoka 93 toa kadirio 71.4, inabaki 21.6. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 128, upate 19.07, ambayo huandikwa 19.1. Hiyo ndiyo tofauti ya raundi yake. Angepata 93 ileile katika uwanja mwepesi wenye kadirio 68.2 na slopu 105, hesabu ingempa 26.7. Tazama umbali uliopo kati ya namba hizo mbili, ilhali kadi zote mbili zinasomeka 93. Ndiyo maana sina hamu ya kumsikiliza mtu anayejitambulisha kwa alama zake bila kutaja alikochezea.

Baada ya hapo mchezaji hupanga tofauti zake 20, anachagua 8 ndogo na kuzitafutia wastani. Tuseme 8 hizo ni 15.2, 15.8, 16.1, 16.4, 16.9, 17.0, 17.3 na 17.8. Jumla ni 132.5, ukigawanya kwa 8 unapata 16.56, na indeksi yake ya handikapu ni 16.6. Kati ya raundi zote 20, ni nne tu zilizo chini ya namba hiyo.

Mchezaji mgeni hahitaji kusubiri raundi 20. Mashimo 54 yanatosha kumpa indeksi ya kwanza, yawe raundi tatu za mashimo 18 au mchanganyiko wowote wa 9 na 18, na hadi apate indeksi hiyo kikomo chake kwa kila shimo ni par kuongeza 5. Mwenye raundi tatu huchukuliwa ile moja bora na kupunguziwa 2.0, mwenye sita huchukuliwa wastani wa mbili bora na kupunguziwa 1.0; na idadi ya raundi zinazohesabiwa huongezeka taratibu hadi kufikia 8 kati ya 20. Indeksi ya juu kabisa ni 54.0 kwa wanaume na wanawake. Naliona hilo kuwa jema, kwa sababu mtu anayejifunza mchezo hupata namba ya kweli badala ya kulazimishwa kuvaa namba ndogo isiyomfaa.

Indeksi yenyewe, hata hivyo, haipelekwi uwanjani jinsi ilivyo, na hapa ndipo nimeona watu wakibishana pasipo sababu hata mbele ya ubao wa mashindano. Indeksi ni mali ya mchezaji, lakini handikapu ya uwanja hubadilika kila anapobadilisha uwanja au hata sehemu ya kuanzia. Unazidisha indeksi kwa slopu ya uwanja, unagawanya kwa 113, kisha unaongeza tofauti iliyopo unapotoa par kwenye kadirio. Mchezaji wetu wa 16.6 katika uwanja wa slopu 128, kadirio 71.4 na par 72 anapata 18.2, yaani mikwaju 18. Akienda kwenye ule uwanja mwepesi wa slopu 105, kadirio 68.2 na par 70, anapewa 14 tu. Akienda kwenye uwanja mkali wa slopu 140, kadirio 73.1 na par 72, anapewa 22, na yale mashimo manne yaliyoorodheshwa kuwa ya kwanza katika mpangilio wa kugawa nafuu humpa mikwaju miwili kila moja. Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, ana 14, 18 na 22, na zote tatu ni sahihi.

Katika mashindano huongezwa hatua moja zaidi. Huchukuliwa asilimia fulani ya handikapu ya uwanja kulingana na aina ya mchezo: asilimia 95 inapendekezwa kwa mchezo wa mikwaju wa mtu mmoja mmoja, 85 kwa washirika wawili wanaochukua alama bora katika mchezo wa mikwaju, na 100 kwa mtu kumkabili mtu shimo kwa shimo. Mchezaji wetu anayepewa 18 atacheza na 17 katika mashindano ya mikwaju. Sababu yake ni kwamba wenye handikapu kubwa huyumba zaidi kutoka raundi moja hadi nyingine, na panapokuwa na washiriki wengi mmoja wao hatakosa kuibuka na siku ya ajabu. Asilimia hiyo hupunguza faida ya kuyumba.

Mfumo una pia breki zake. Hutunza indeksi ndogo kabisa ambayo mchezaji amekuwa nayo ndani ya siku 365, na indeksi mpya ikizidi hiyo kwa zaidi ya 3.0, kila kinachozidi hapo hukatwa nusu. Kupanda kokote kunakoma kwenye 5.0 juu ya indeksi hiyo ndogo. Mwenye indeksi ndogo ya 14.0 ambaye hesabu mpya inampa 19.0 ataandikiwa 18.0. Kwa upande wa pili, raundi iliyo bora kuliko indeksi kwa 7.0 hadi 9.9 hushusha indeksi kwa 1.0 ya ziada, na ikiwa 10.0 au zaidi hushusha kwa 2.0. Breki hizi zinaudhi mchezaji anayerudi uwanjani baada ya jeraha, kwa kuwa namba yake hukawia kufuata hali halisi ya mwili wake, ingawa kamati ya handikapu ya klabu ina mamlaka ya kumrekebishia. Kwa wengine wote ni kinga nzuri.

Palipobaki giza ni pawili. Kuna marekebisho ya hali ya siku, ambayo hulinganisha alama zilizorudishwa siku hiyo na zile zilizotarajiwa na kuongeza au kupunguza kati ya -1 na +3. Yanahitaji alama za wachezaji wasiopungua wanane, na siku nyingi hubaki sifuri. Tena kuna raundi ya mashimo 9, ambayo tangu mwaka 2024 haisubiri tena nusu nyingine ichezwe, bali huunganishwa papo hapo na matokeo yanayotarajiwa ya mchezaji mwenye indeksi kama hiyo. Yote mawili yana maana, na la pili limewasaidia sana watu wasio na muda wa saa nne. Tatizo ni kwamba mchezaji hawezi kuyakokotoa mwenyewe kwa kadi aliyo nayo mkononi. Mfumo ambao sehemu zake nyingine zote zinaweza kuhakikiwa kwa kalamu unamtaka, katika mambo haya mawili, aamini tu. Mimi ningetaka kila raundi iambatane na mstari mmoja unaoonyesha namba iliyoongezwa na ilikotoka.

Hilo linanileta kwenye programu za simu, maana ndizo sura ya huduma hii kwa mchezaji. Zipo zinazotolewa na vyama vya gofu, zilizounganishwa na kumbukumbu rasmi, na zipo vikokotoo vya bure ambavyo mtu yeyote anaweza kuvijaza. Programu moja ya bure niliyoijaribu iliomba jumla ya mikwaju, kadirio na slopu, basi. Haikuuliza alama za shimo moja moja, kwa hiyo haikuwa na njia ya kupunguza yale mashimo yaliyozidi kikomo. Kwa mchezaji wa mfano wetu ingechukua 96 badala ya 93 na kumpa tofauti ya 21.7 badala ya 19.1. Makosa ya namna hiyo yakirudiwa katika raundi kadhaa humtengenezea mtu handikapu kubwa kuliko uwezo wake, tena bila yeye kukusudia. Kipimo changu cha kwanza kwa programu yoyote ni hicho: je, inauliza shimo kwa shimo?

Kipimo cha pili ni kama inaonyesha zile raundi 8 zinazohesabiwa, pamoja na ile inayokaribia kutoka kwenye orodha ya 20. Programu isiyoonyesha hilo huacha mafumbo yasiyo ya lazima. Rudi kwa mchezaji wetu wa 16.6, na tuseme ile raundi yake ya 15.2 ndiyo kongwe kuliko zote. Leo anacheza vizuri na kupata 17.0, raundi inayoingia moja kwa moja kwenye 8 bora. Anafungua simu kesho yake akitarajia pongezi, anakuta indeksi imepanda hadi 16.8. Raundi mpya imesukuma nje ile ya 15.2, na jumla ya zile 8 imekuwa 134.3. Programu nzuri humwonyesha jambo hilo kwa rangi au alama kando ya raundi, naye hutabasamu; programu mbaya humwonyesha namba mpya peke yake, naye humwandikia katibu wa klabu barua ya hasira.

Udhaifu ambao hakuna programu inayoweza kuuondoa ni uaminifu wa anayerudisha kadi. Mfumo hudai raundi ichezwe kwa kufuata kanuni na mchezaji awe na angalau mtu mmoja mwingine uwanjani, ili alama ziweze kuthibitishwa. Lakini anayerudisha kadi mbaya tu huvimba handikapu, na anayerudisha nzuri tu hubaki na namba ya kujivunia ambayo itamwaibisha siku ya mashindano. Mifumo mingine ya zamani, hasa ule uliotumika Uingereza na Ireland, ilitegemea zaidi raundi za mashindano na kwa hiyo ilikuwa na macho mengi zaidi juu ya kila kadi. Huu wa sasa umefungua mlango kwa raundi za kawaida, jambo linaloipa hesabu data nyingi zaidi huku likiipa klabu kazi kubwa zaidi ya kuchunguza. Nadhani mabadilishano hayo yanafaa, mradi kamati ya klabu isilale.

Nani ajiunge, basi? Anayecheza na marafiki wachache katika uwanja mmoja hahitaji zaidi ya daftari, kadi ya alama yenye kadirio na slopu, na kikokotoo cha kawaida. Hesabu zote za msingi zilizomo humu zitamtosha, naye ataielewa namba yake kuliko wengi wenye kadi rasmi. Anayetaka kuingia mashindano, au anayesafiri na kucheza katika viwanja vya wengine, hana budi kuwa mwanachama wa klabu au chama kilichoidhinishwa, kwa kuwa indeksi ya daftarini haikubaliwi mezani pa usajili hata kama kila desimali yake ni sahihi. Huyo nitamshauri alipe ada, arudishe kila kadi inayostahili siku ileile aliyocheza, na raundi zake tano za kwanza azikokotoe pia kwa mkono, alinganishe na programu, kisha amuulize katibu mahali popote namba hizo mbili zinapopishana.